Gitare rekondisione ya sinyature (Ibanez JEM Junior) kutoka Joburg, dola 430: nichukue ao niache?

katuba_kamba6

Jambo yenu ba yaya na ba leki. Mi niko Lubumbashi, Katuba, napiga solo ku korali na siku ya posho (jumamosi) naenda ku ba ndoa wakiniita. Gitare yangu ni kopi ya Strat (gitare ya Fender) ya bei ya chini, frete (vile vyuma vya ku shingo) zimekulwa kabisa, ukigusa kamba ya pili pale ku frete ya tatu inafanya bzzz, na fundi ameniambia kubadirisha frete zote kutapita bei ya gitare yenyewe. Sasa kuna magazini moja ya Johannesburg inaweka matangazo ya gitare rekondisione, nimeona Ibanez JEM Junior nyeupe, ile ya sinyature (yenye jina ya mpigaji) ya Steve Vai, mpiga gitare wa rock wa Amerika, iko na tundu ya kushikia ku mwili na michoro ya majani yanatambaa ku manshi (shingo) yote. Banaomba dola 430, transport haimo. Yaya yangu mmoja anaendesha kamyo anapitaka Kasumbalesa, ku mpaka wa Zambia, atanibebea. Tangazo inasema tu "rekondisione, hali nzuri sana, garanti miezi 3".

Nauliza hivi, ile jina ya Vai inafaa kulipiwa? Na hii vibrato (daraja yenye mkono wa kushusha na kupandisha sauti) ya kufunga kamba na kle alen (funguo ndogo ya pembe sita), ku seben (pale gitare zinachemka watu wacheze) itanisumbua ao hapana? Mi sipigaka metal, mi napiga kwa Bwana na kwa ba bibi-arusi.

goma_riff

CHUKUA sha. Unauliza nini tena

fundi_ruashi

Leki, mbele ya Vai uliza kwanza nani aliitengeneza na alitengeneza nini. Juu gitare rekondisione unanunua mikono miwili, ya kiwanda na ya yule aliyeifungua nyuma. Kuna ya kiwanda yenyewe, gitare ilirudishwa na mteja ao ilipata kovu njiani, wanaikagua, wanaifunga tena, wanaiuza chini ya bei. Kuna ya magazini, wako na fundi yao ku atelie, anasawazisha frete, anasafisha potansiometre, anafanya reglaji. Na kuna ya mtu na kitambaa: anapangusa vumbi, anaweka kamba mpya, anapiga foto karibu na dirisha. Ku tangazo zote zinaandikwa vile vile, na mara nyingi hata bei inafanana.

Kwa hiyo mwandikie muuzaji. Usimuulize kama gitare ni nzuri, atakuambia ndiyo. Muulize frete zilisawazishwa mara ngapi. JEM Junior iko na frete jumbo, zikiwa mpya zinafika karibu milimita moja na nusu, mtu akizipiga lima (tupa) mara moja hakuna neno, akipiga mara mbili tatu unabaki na kitu cha chini, ukivuta kamba kidole kinateleza. Omba foto ya frete kutoka upande, karibu, na mwanga. Omba foto ya namba ya seri nyuma ya kichwa. Omba foto ya kifuniko cha nyuma kikiwa kimefunguliwa, pale mikro (zile zinashika sauti ya kamba) zinasudewa, utaona kama kuna mtu alipita na fer ya moto sana.

Na njo ile kubwa, vibrato. Daraja ya hii gitare haikulala ku mbao, inaelea, inasimamia visi mbili tu, na pale inapogusa visi kuna makali mawili ya chuma. Makali yakikulwa ao yakiwa na meno, gitare hairudi tena ku sauti yake, hata ukinunua kamba za Mfalme Sulemani. Amwambie akufanyie video: akordera (kipima sauti) ikiwaka, apige kamba ya mi ya chini, asukume mkono wa vibrato mpaka kamba zilegee kabisa, aachilie, apige tena. Halafu avute mkono juu, aachilie, apige tena. Kama baada ya kusukuma inabaki chini kidogo na baada ya kuvuta inabaki juu, makali yamekwisha ao visi zinacheza ndani ya mbao, na ku Lubumbashi hiyo daraja hutaipata, utaagiza tena kutoka huko huko.

Bila hiyo video usitume hata dola moja.

vye_akompa

Mwanangu mi nilianza kupiga wakati gitare ku Kamalondo ilikuwa moja kwa watu kumi. Mwenda Jean Bosco, Hugh Tracey alimurekodi mwaka 1952 pale Jadotville, Likasi ya leo, vidole viwili tu, kidole gumba na cha pili, na mpaka leo wazungu wanaandika noti kwa noti kutafuta alifanya namna gani. Hakukuwa jina ya mtu ku kichwa ya gitare yake.

Sinyature si kitu kipya. Mwaka ule ule wa 1952 Gibson walitoa ile ya Les Paul. Fender walichelewa, ya kwanza yao ilikuwa ya Eric Clapton mwaka 1988. Sikatai, kuna zingine jina inakuja na kazi ndani yake. Ile GB10 ya George Benson, Ibanez hao hao, walipunguza mwili wa gitare ya jazz juu ile kubwa ikisimama mbele ya ampli inalia larseni (ile kelele ya sauti kujirudia), sasa hapo unalipa jina lakini unapata dawa. Kwa hii ya Vai unapata nini? Tundu ya kushikia. Wewe unatokea Katuba kwenda korali unabeba gitare ndani ya husi (mfuko), ile tundu utashikia saa gani?

goma_riff

Vye nakuheshimu lakini hapo hapana. JEM ilitoka 1987 na haikuwa jina tu lenye kubandikwa ku gitare ya zamani, Vai alikaa na Ibanez wakaijenga upya, frete 24, mwili mwembamba, ile sehemu ya chini imekatwa ndani kusudi mkono ufike ku frete ya mwisho, na nyuma ya daraja walichimba mbao kusudi vibrato ivutike juu sana. Na mikro zimepangwa hambaka (mikro pacha), singo (mikro moja), hambaka, na swichi ya nafasi tano. Nafasi ya 2 na ya 4 inakata hambaka nusu inaichanganya na singo ya katikati. Sasa sikia mi nasema nini: nafasi ya 4, ampli safi, koras (efekti ya kunenepesha sauti) kidogo, njo ile sauti ya seben mnatafuta siku zote na kopi zenu za Strat. Watu wanaona maua ku manshi wanafikiri ni gitare ya kelele tu. Nimeisikia hapa Goma ku chapelle moja, mtu alipiga lead ya adoration pale ku nafasi ya 4 nikasimama.

fundi_ruashi

Ule wa Goma anasema kweli juu ya swichi. Lakini amalizie hadisi: mwaka ule ule wa 1987 Ibanez walichukua ule mwili wa JEM wakatoa gamu ya RG, bila tundu, bila majani, bila Vai. RG njo mtoto wa JEM. RG ya hambaka-singo-hambaka inafanya ile ile kazi ya nafasi ya 2 na 4. Kwa hiyo ukitoa jina unabakiwa na tundu na michoro, na ile thamani ya kuuza tena. Na kuuza tena ni ku Ulaya ao Joburg, hapa Lubumbashi mtu akija kununua anauliza tu "inalia?"

Na JEM Junior si ile JEM ya Japani. Junior inatoka Indonesia, mikro ni za Ibanez yenyewe, si za DiMarzio kama ya Japani. Sisemi ni mubaya, manshi yake ni nzuri sana. Nasema tu usilipe bei ya mukubwa kwa kadogo.

katuba_kamba6

Papa fundi aksanti sana. RG nimetafuta kwa yule muuzaji, iko moja nyeusi dola 340 lakini mikro mbili tu hakuna ya katikati. Nimemwandikia juu ya video. Anasema atanipa kesho.

Dar_nyuzisita

Wakuu habari za huko. Mimi niko Dar ila nafuatilia uzi. Naongeza mawili matatu.

Moja, JEM ni kati ya gitaa zinazochakachuliwa sana duniani, hasa nyeupe yenye maua. Kwenye namba ya nyuma, ya Indonesia kutoka kiwanda cha Cort inaanza na herufi I, halafu tarakimu mbili za mwaka, mbili za mwezi, halafu zinazobaki. Ya Japani ya Fujigen inaanza na F. Ukikuta anauza "Junior" halafu namba inaanza na F, muulize vizuri. Namba peke yake haitoshi maana na yenyewe inabandikwa, tazama maua: kwenye feki utayaona yamepinda au gundi imejaa pembeni, na nembo kwenye kichwa inakuwa nene kuliko kawaida.

Pili mpakani. Watu wanaogopa mbao ya rozwudi kwenye ubao wa vidole. Mwaka 2017 CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) waliweka mbao zote za Dalbergia (jamii ya rozwudi) kwenye udhibiti na wanamuziki walihangaika kweli viwanja vya ndege, ila tangu mwisho wa Novemba 2019 ala za muziki zilizokwisha tengenezwa zimetolewa humo, isipokuwa ile rozwudi ya Brazili. Gitaa ya kisasa ya bei hii haitakuwa na ya Brazili, kwa hiyo hapo tulia.

Tatu dereva abebe risiti. Aisee risiti.

vye_akompa

Hiyo ya risiti ni kweli. Pale Kasumbalesa mtu wa DGDA (forodha ya Kongo) akiona gitare nyeupe yenye maua bila faktire, yeye njo ataamua bei. TVA (kodi ya ongezeko la thamani) peke yake ni 16%, lakini ni 16% ya nini? Ya ile bei iko ku karatasi. Karatasi haiko, ni 16% ya uzuri wa maua.

Mama_Alto

Mi naingia humu juu nimeona neno korali. Katuba, wewe si ule ulikuja ku mkutano wa kamati ukasema korali itoe dola 200 kwa gitare? Kumbe ni hii? Sasa naomba watu wenye akili humu watusaidie: korali ikitoa 200 na kijana akatoa zinazobaki, gitare ni ya nani? Siku ya posho iko ku ndoa ku Kenya (ile komini ya hapa Lubumbashi), siku ya mungu (jumapili) iko kwetu na kamba mbili zimekatika, nani ananunua kamba? Na akihama parwasi anaenda na upande gani, ule wa tundu?

goma_riff

😂😂😂 upande wa tundu

katuba_kamba6

Mama shikamoo. Mama nilitaka kwanza kujua kama ni nzuri mbele ya kurudi ku kamati. Sikuficha.

vye_akompa

Mama ana haki. Nimeona bendi tatu za kanisa zimevunjika juu ya kinanda, wala si juu ya dhambi. Mwana, nunua yako kwa falanga zako. Korali ikitaka kusaidia inunue kitu chake chenye kubaki ku chumba cha korali: ampli, kebo, kiti. Gitare ni ya mtu, inashika jasho ya mtu.

Mama_Alto

Ampli tunahitaji. Ile ya sasa inafanya mmmm kuanzia sala ya kwanza mpaka baraka.

fundi_ruashi

Mama ile mmmm si ampli peke yake, ni prizi haina terre (waya ya kushuka ku udongo). Kura (umeme) ya SNEL, kampuni ya umeme, ikiingia na ikitoka, na genereta ikianza, kila gitare ya singo italia. Ndiyo maana ile nafasi ya 2 na 4 ni nzuri, mara nyingi singo ya katikati inazungushiwa waya kinyume, ikiungana na nusu ya hambaka zinakulana ile kelele. Itisha fundi wa kura aangalie terre ya kanisa mbele ya kununua ampli mpya, bila hiyo utapata bado mmmm mpya.

Sasa turudi ku vibrato, juu hakuna aliyemjibu leki vizuri juu ya seben.

vye_akompa

Mi nitajibu, mi njo mwenye kupiga akompa (gitare ya kusindikiza) na mi-solo (gitare ya katikati ya akompa na solo) miaka yote. Daraja yenye kuelea ina mambo mawili mabaya kwa muziki yetu. Ya kwanza, mkono wa kuume. Ku mi-solo unalaza mkono ku daraja unazima kamba kidogo, tuk tuk tuk. Ukilaza mkono juu ya daraja inayoelea, unaisukuma, gitare nzima inapanda sauti. Utajifunza kulaza mwepesi, lakini seben ikichemka na watu wanatupa falanga utasahau. Ya pili, kamba moja ikikatika zile tano zingine zote zinapanda, juu resori (springi) za nyuma zimeshinda. Ku gitare ya kawaida kamba ya mi ikikatika unamaliza wimbo na tano. Kwa hii unamaliza na aibu.

Ya tatu nilisahau, ile ya mi-composé. Kama unataka kufunga mi-composé ya zamani, unatoa ile kamba ya re nene unaweka nyembamba ya oktava ya juu. Ku daraja yenye kusimama ni dakika mbili. Ku hii umebadirisha uzito wa kuvuta, lazima ufungue kifuniko cha nyuma ukaze ao ulegeze resori, uakorde, ulegeze tena, uakorde. Siku nzima.

Dar_nyuzisita

Mzee hiyo inatibika, unablock. Fungua kifuniko cha nyuma, chonga kipande cha mbao ngumu, kiingize kati ya block ya daraja na mwili upande wa resori na kingine upande wa pili, daraja haliendi popote. Unabaki na gitaa isiyotembea na kufuli za kamba zinakusaidia kushika sauti. Ukiichoka unatoa vipande, gitaa imerudi ilivyokuwa, hakuna tundu uliyotoboa.

vye_akompa

Mbao ngumu hatukosi, kwa Katanga kipande cha mukula kinatosha gitare mia. Lakini sasa mnanichanganya: analipa jina ya mtu maarufu kwa vibrato, halafu anaiziba na mukula?

goma_riff

Vye hapo umenipata 😂 lakini anabaki na manshi, na frete 24, na nafasi ya 4. Na asizibe pande zote. Azibe upande mmoja tu, ule wa kuvuta juu, basi ataweza kusukuma chini kidogo ku adoration, na ku seben akilaza mkono haipandi, na kamba ikikatika hazipandi juu mbao inazuia. Mi yangu iko vile.

fundi_ruashi

Vile njo ningefanya pia. Upande mmoja.

katuba_kamba6

Ba yaya, video imefika na foto pia. Naandika vile ninaona:
Seri inaanza I1607. Frete anasema "zimesawazishwa mara moja na fundi wetu", ku foto naona bado ziko juu, mviringo bado iko. Vibrato, akasukuma mpaka chini, mi ikarudi sawa. Akavuta juu, ikarudi juu kidogo, sindano ya akordera imepita katikati kama nusu ya alama, akagusa mkono kidogo ikarudi. Ku nyuma waya ni safi lakini mikro ya katikati iko na waya ya rangi tofauti na zile mbili. Na ile kufuli ya juu ku sille (pale kamba zinapita kuelekea kichwa) vile vipande vitatu vya chuma viko na mistari ya kamba.

fundi_ruashi

Leki umeangalia vizuri kuliko ba klian wangu wengi.

Seri inasema Julai 2016, Indonesia, inaendana na Junior. Frete sawa. Mistari ku kufuli ni kawaida ya gitare yenye kupigwa, vipande unaweza kuvigeuza ao kuvinunua, ni vidogo. Ile ya kurudi juu kidogo baada ya kuvuta: inaweza kuwa makali, inaweza kuwa tu visi zinahitaji tone ya grisi, inaweza kuwa resori moja imechoka. Kama utaziba ule upande wa juu, hutavuta tena, shida imekufa. Ungekuwa unataka kupiga namna ya Vai mwenyewe ningekuambia acha.

Mikro ya katikati imebadirishwa. Hapo njo unamshika. Muuzaji aliandika rekondisione, hakuandika mikro si ya asili. Mwenye kununua sinyature anataka kila kitu kiwe cha asili, kwake hiyo gitare imepoteza thamani. Kwako wewe swali ni moja tu: nafasi ya 2 na 4 inanyamaza ao inafanya mmmm? Juu kama ile mikro mpya haikuzungushwa kinyume na ile nusu ya hambaka, ile faida nilimwambia Mama haiko tena, na kama waya zimegeuzwa sauti itakuwa nyembamba, ya kukauka, haina tumbo. Amrekodie kila nafasi sekunde kumi, ampli safi, bila koras bila riverbi.

Na umwambie bei. Anza 350.

Dar_nyuzisita

Na hiyo garanti ya miezi 3 muulize inafikaje Lubumbashi. Ukiirudisha kwa gharama yako mpaka Johannesburg na kurudi, garanti imeliwa na barabara. Afadhali akupunguzie sasa akufutie garanti.

goma_riff

Ndiyo mtie ile ya garanti ndani ya bei

Mama_Alto

Mimi nimemaliza na fundi wa kura. Kweli terre haikuwa. Ilikuwa waya tu imekatwa imefunikwa na mpira. Aksanti Fundi. Ampli inafanya mmm kidogo sasa, si mmmm.

katuba_kamba6

Ameshuka mpaka 370 bila garanti, pamoja na kle alen zake, mkono wa vibrato na valizi ngumu ya okazio. Nafasi ya 4 nimesikiliza na ekuta: tamu kabisa, haifanyi kelele. Nafasi ya 2 inakauka kidogo lakini siitumiaka sana. Nimemtumia nusu, nusu ingine yaya wa kamyo atampa mkononi akiona gitare na faktire. Kwa korali nimesema hapana aksanti, falanga ziende ku kebo.

vye_akompa

Vizuri. 370 kwa Ibanez ya frete nzima sikukatalii. Jina umepewa bure karibu.

fundi_ruashi

Sasa sikia ya kufika. Tuko ku kipwa, hewa ya Lubumbashi mwezi wa saba ni kavu mpaka midomo inapasuka, na mbao pia. Joburg nayo ni kavu lakini gitare ikilala ku kabini ya kamyo siku kadhaa juani, manshi itanyooka ao itapinda na ubao wa vidole utarudi ndani, ncha za frete zitatoka pembeni zitakukata mkono. Usiogope, usizipige lima siku hiyo. Iache ndani ya valizi siku moja mbele ya kufungua, weka sponji yenye unyevu kidogo ndani ya kisanduku cha sabuni chenye matundu, si kugusa mbao, ikae humo wiki. Halafu tutaangalia truss rod (chuma cha ndani ya manshi): shika kamba ku frete ya kwanza na ya mwisho, pale ku ya nane unataka nafasi ndogo, karatasi ya kadi ya viziti ipite. Ikiwa kamba imelala kabisa ao kuna nafasi ya funguo, tutageuza, robo ya mzunguko, tunangoja.

Kamba: ku mji mara nyingi utapata za unene wa 10-46. Hii ya kiwanda iko na 09-42. Ukiweka 10 daraja itasimama juu, lazima tukaze resori nyuma. Nunua 09 kwa wingi yaya wa kamyo akiwa bado huko. Na usikate mpira ya kamba (kile kidude cha chuma cha mviringo ku ncha) vile wanaonyesha, pitisha kamba kinyume: mpira ubaki ku kichwa ya gitare, ncha iingie ku daraja. Ikikatika pale daraja, mara nyingi njo inakatikaka hapo, unafungua kufuli, unashusha kamba iliyobaki ku mashini (zile za ku kichwa za kukaza kamba), unabana tena. Dakika tano, umerudi ku ndoa.

katuba_kamba6

Hiyo sikujua kabisa. Ya kinyume.

goma_riff

Wengi hawajui, na acha mizunguko miwili mitatu ya ziada ku mashini kusudi upate ya kushusha

lushi_basse5

Nimesoma uzi yote. Iyo RG nyeusi ya mikro mbili dola 340 bado iko? Na yaya wa kamyo anachukua gitare ingine?

katuba_kamba6

Iko. Yaya anapakia mpaka siku ya tano, lakini anasema gitare ya pili italala nyuma, si ku kabini. Ukikubali niandikie ku inbox.

fundi_ruashi

Basse5 mbele ya kutuma falanga omba ile video. Ya vibrato na akordera.

Mama_Alto

Katuba repetisyo ni siku ya tatu saa kumi. Kama gitare haijafika leta ile ya bzzz, hatuna mwingine wa solo. Na ikifika, mkono wa vibrato uache ndani ya valizi wakati wa ofertuare, ba mama watafikiri ampli imeharibika tena.